Mwembe wa Mzani Tusiukate Kwanza

(Maneno ya Katibu mkutanoni. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shamba.)



Tumesimama kwa jambo moja tu, mwembe wa mzani. Chini yake tunapima pamba, na watoto hujikinga mvua hapo wakitoka shule. Masika yaliyopita tawi lilianguka usiku. Lingeanguka saa nne asubuhi, leo tungekuwa na maneno mengine.

Wapo wanaosema ukatwe tupate mkaa. Wapo wanaosema uachwe, Mungu atalinda. Sisi wa kamati tumeukagua, na yote mawili hatukuyakubali.

Ugonjwa wake uko kwenye panda. Shina limegawanyika mara mbili, na pale katikati gome limebanwa ndani. Gome na gome hayashikani, kwa hiyo kila upepo ukija ufa unashuka. Lakini shina la chini tumeligonga, halina uvungu, na mizizi tuliyofukua ni mizima. Ingekuwa imeoza tungesema wenyewe leteni msumeno, maana kamba haifufui mizizi.

Hapa tukiri kosa. Mwaka juzi ni sisi hawa tuliozungusha waya kwenye tawi kubwa, tukaukaza kwa koleo, tukapongezana. Nendeni mkaone: waya umezama ndani ya gome na tawi linanyauka. Chakula cha mti hupita kwenye gome. Ukizungushia waya, umeunyonga.

Inavyotakiwa ni kutoboa kwa keekee, tundu jembamba moja kwa moja, kisha kupitisha chuma chenye nati na kisahani kila upande. Tundu dogo mti hulivumilia. Chuma kimoja kikae kwenye panda kuzuia ufa. Halafu juu, kama theluthi mbili ya urefu toka panda hadi kileleni, kamba ya chuma iunganishe pande zote mbili, nayo ishikwe na vyuma vilivyotobolewa hivyo hivyo. Isikazwe mno. Mti lazima uyumbe kidogo, ndivyo unavyopata nguvu.

Tawi lililoelekea ghala lipewe mwega wa gogo, na juu ya mwega pawekwe kipande cha tairi lisichubuke. Ncha ndefu zipunguzwe. Kukata kichwa chote hapana. Na yule ndugu aliyetaka tujaze saruji kwenye tundu, tunamshukuru, ila saruji huficha uozo.

Wengine mlicheka, mti kupewa mkongojo. Huko Uingereza, msitu wa Sherwood, upo mwaloni wa miaka mingi sana uliofungwa minyororo mwaka 1908, na baadaye ukawekewa nguzo. Miaka ya 1970 ukazungushiwa uzio, kwa kuwa miguu ya wageni ilikandamiza udongo juu ya mizizi. Basi na lori letu lisiegeshwe tena pale.

Kazi hii haiishi siku moja. Kila mwaka, na kila baada ya upepo mkali, nati zikaguliwe. Sisi tuliojua kusoma ukubwani tutaandika daftari.

Tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi. Mzani umeshahamishiwa nyuma ya ghala. Akina mama, watoto wasipite chini ya mwembe mpaka tutangaze. Mwenye keekee ndefu alete, ya kwetu haifiki upande wa pili.