Kutoka Ukurasa wa Tovuti hadi Mfumo wa Sacco: Mazungumzo kwa Vijana na Wazazi wa Eastlands



Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, Jogoo Road huwa imeshajaa magari. Matatu zinazopita hapo ziko chini ya sacco au kampuni, na kwa kawaida kila gari hulipa fedha za siku: ada ya ofisi, akiba ya mwenye gari, marejesho ya mkopo. Zamani karani aliandika kwenye daftari na makanga akapewa risiti ya karatasi. Siku hizi makanga hutuma pesa kwa M-Pesa, na ofisini kuna kompyuta inayotakiwa kujua nani amelipa.

Hapo ndipo kijana wa mtaa huitwa. "Wewe si umesomea kompyuta? Tutengenezee kitu." Kijana ana cheti cha miezi mitatu, na tovuti aliyomtengenezea shangazi yake mwenye saluni ilipendeza kweli. Anakubali kazi. Wiki mbili baadaye mfumo unafanya kazi, wanachama wanapiga makofi, na hakuna anayejua kwamba shida bado iko njiani.

Chukulieni jambo dogo tu. Makanga akishalipa, M-Pesa hutuma taarifa kwenye seva ya sacco. Mtandao ukikatika, taarifa hiyo inaweza kuchelewa, isifike kabisa, au ifike mara mbili. Ikifika mara mbili na mfumo haukuandaliwa, gari limelipa 500 lakini vitabu vinasema 1,000. Isipofika, mtu aliyelipa anahesabiwa mdaiwa na gari lake linazuiwa steji. Dawa yake inajulikana na si ngumu. Kila malipo yana namba yake ya muamala. Mfumo huihifadhi namba hiyo kwa sharti kwamba haiwezi kuingia mara ya pili, na malipo ambayo hayajapata jibu huulizwa tena baada ya muda. Lakini mtu hawezi kutafuta dawa ya ugonjwa ambao hajawahi kuusikia.

La mikopo ni zito zaidi. Mwanachama mmoja ana akiba ya shilingi 80,000 na amekubali kuwadhamini wenzake wawili, kila mmoja kwa 60,000. Makarani wawili wanafungua maombi hayo kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Wote wanaona 80,000, inatosha, wanabonyeza kitufe. Sasa 120,000 zimedhaminiwa na 80,000. Mfumo wa kazi kubwa hufunga rekodi ya mdhamini mara karani wa kwanza anapoanza, wa pili akangoja, na akifika anakuta zimebaki 20,000. Katika zoezi la darasani jambo hili halitokei, kwa sababu darasani anayetumia mfumo ni mtu mmoja: mwanafunzi mwenyewe.

Kisha kuna suala la nani anaruhusiwa kufanya nini. Karani aandike, mwenyekiti aone, na asiwepo mtu wa kufuta, hata fundi aliyeutengeneza. Kosa lirekebishwe kwa kuandika rekodi mpya, ile ya zamani ibaki ikionekana na jina la aliyeiandika. Wahasibu walijua hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Na mwanachama namba 214 akibadilisha 214 kuwa 215 juu kwenye anwani ya ukurasa, asione mkopo wa jirani yake. Kasoro ya aina hiyo, ya kuacha milango ya ruhusa wazi, iliwekwa nafasi ya kwanza katika orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika linalofuatilia udhaifu wa mifumo ya wavuti duniani. Nchini Kenya kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Taarifa za watu zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru, Kamishna wa Data lazima ajulishwe ndani ya saa 72, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Sacco ya mtaa haijaachwa nje kwa sababu ni ndogo.

Anayedhani haya ni mambo ya kinadharia akumbuke Julai 2023. Mfumo wa eCitizen, unaobeba maelfu ya huduma za serikali, ulielemewa na wimbi la maombi ya bandia yaliyotumwa makusudi. Waliotaka pasipoti walikwama, tiketi za treni ya SGR zikasumbua, na wageni ikabidi wapewe viza walipofika kwa kuwa ile ya mtandaoni haikupatikana. Walioathirika wengi hawakuwa wataalamu. Walikuwa watu waliokuwa na safari.

Kwa hiyo mafunzo yanayoongozwa na mtaalamu yana maana gani, wakati YouTube imejaa masomo ya bure? Masomo ya bure ni mazuri na kijana ayatumie. Yanafundisha jinsi ya kujenga. Mkufunzi aliyewahi kuamshwa saa nane usiku kwa sababu malipo yamegoma hufundisha jinsi vitu vinavyoharibika. Huusoma msimbo wa mwanafunzi mstari kwa mstari na kuuliza, "Umeme wa stima ukipotea hapa katikati, nini kitatokea?" Swali hilo moja lina faida kuliko wiki nzima ya kunakili.

Nairobi imepitia somo hili hadharani. Andela, kampuni iliyoanza Nigeria mwaka 2014, ilifungua ofisi Nairobi mwaka 2015 ikichukua vijana wachache kati ya wengi walioomba, ikiwafundisha huku ikiwalipa na kuwaunganisha na makampuni ya ng'ambo. Mwaka 2016 ilipata uwekezaji wa dola milioni 24 ulioongozwa na Chan Zuckerberg Initiative. Septemba 2019 ikatangaza kuwapunguza mamia ya watengenezaji programu wachanga Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ni kwamba soko lilitaka wenye uzoefu zaidi. Wachanga walikuwa wengi kuliko nafasi zao. Mzazi anayeuza shamba kulipia kozi ya wanaoanza anastahili kulijua hilo mapema.

Gharama, basi. Kuna njia zisizohitaji kuuza chochote. AkiraChix, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, imekuwa ikiwafundisha wasichana kutoka familia zenye kipato kidogo. Kwa aliye kazini tayari kuna jambo ambalo wengi hawalijui: waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha zinazokwenda NITA, na mwajiri anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama ya mafunzo ikiwa yameidhinishwa. Fundi wa kompyuta aliyeajiriwa na kiwanda cha Industrial Area amuulize bosi wake kabla ya kutoa mfukoni. Kwa vyuo vya ufundi, mzazi aulize kama kimesajiliwa na TVETA. Usajili si hakikisho la mkufunzi bora, ila chuo kinachokwepa swali hilo kimeshajibu.

Vijana huuliza sana wajifunze lugha ipi. Java na PHP zote zilitolewa mwaka 1995, Python mwaka 1991, na zote tatu bado zinaendesha mifumo mikubwa. Lugha achague kwa kuangalia mkufunzi aliye karibu anaijua ipi vizuri. Kubishana zaidi ya hapo ni kupoteza bando.

Na nyumba za Eastlands zina kelele. Hilo halina aibu. Mwenye kulala chumba kimoja na ndugu wanne hawezi kutafuta kosa la msimbo saa tatu usiku huku televisheni ikinguruma. Maktaba za Kaloleni na Makadara ni za kaunti, zimekarabatiwa, na zina meza na ukimya.

Kabla ya kulipa hata shilingi, mwanafunzi amwendee mkufunzi na kumwomba mambo mawili. Amwonyeshe mfumo mmoja aliouandika ambao watu wanautumia leo, kisha amsimulie siku ulipoharibika: kilichotokea, aliyegundua, na walichobadilisha baadaye. Aliyefanya kazi hii kweli ataanza kucheka, avute kiti, na kuanza kusimulia.