Ukipewa Kona, Usiiache: Mazungumzo na Wazazi Kabla ya Mbio za Nyika za Shule

(Haya ni maneno ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wazazi waliojitolea kusaidia siku ya mashindano.)

 

Asanteni kwa kuacha kazi na kuja. Najua majani ya chai hayangoji mtu. Yakichunwa leo, yanatakiwa kituoni leo. Sitawachelewesha. Nina ombi moja: mzazi, ukipewa kona ya kulinda, usiiache mpaka mtoto wa mwisho apite.

Niwaambie sababu yake. Miaka michache iliyopita nilijitolea kama ninyi katika mbio za shule fulani. Niliwekwa mahali njia inapogawanyika katikati ya chai. Kushoto ndiyo njia ya mbio, kulia inateremka kwenye nyumba za wafanyakazi. Kundi la kwanza likapita, la pili likapita, nikadhani wamekwisha. Kamera ilikuwa shingoni. Nikakata njia ya mkato, nikakimbilia utepe nimpige picha mshindi.

Nyuma alikuwa amebaki msichana mmoja wa gredi ya sita. Alipofika kwenye ile kona hakukuta mtu, akashika njia ya kulia. Mvua yetu ya alasiri ikashuka pamoja na radi. Walimu walipohesabu watoto, mmoja hayupo. Tulimtafuta karibu saa nzima. Tukampata kwa mama mmoja mchuna chai, amefunikwa leso, kikombe cha chai ya moto mkononi. Alikuwa mzima. Mama yake mzazi alikuwa pamoja nasi tulipomtafuta. Alinitazama, hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

Picha ya mshindi niliipata. Sikuitumia mahali popote.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa riadha. Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka wa 1964. Mwaka wa 1968 kule Mexico akaongeza ya fedha. Kwa hivyo macho yetu yamezoea kumfuata anayeongoza. Lakini anayeongoza ana watu wengi wa kumtazama. Anayehitaji mzazi aliyejitolea ni yule wa mwisho, amechoka, yuko peke yake, na haoni mgongo wa mwenzake mbele.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza, barabara. Penye kuvuka, wasimame watu wazima wawili, mmoja kila upande, wakiwa na makoti ya kung'aa kama yale ya wanabodaboda. Afadhali mtoto apoteze sekunde kumi akingoja gari lipite. Hatujasahau Juni 30, 2023 pale Londiani Junction, trela lilipoacha njia na kuua zaidi ya watu 50, wakiwemo wachuuzi na abiria. Tukiweza kuipitisha njia ya mbio mbali na lami kabisa, ni bora zaidi.

Pili, hesabu. Mmoja wenu ahesabu watoto wanaoanza, mwingine awahesabu wanaofika. Hesabu zisipolingana, hakuna mtu kwenda nyumbani.

Tatu, mvua. Leteni mablanketi, leso kavu, maji na uji. Radi ikianza, watoto waingie madarasani. Wasijikinge chini ya miti. Mbio zinaweza kurudiwa siku nyingine.

Nne, wewe mwenyewe. Ukimwona mwanao anapita, mpigie makofi, lakini usikimbie kando yake kumpa kasi. Sheria za riadha haziruhusu, na utamponza aondolewe mashindanoni. Mtoto akiumia, mwite mwalimu. Usimpeleke popote ukiwa peke yako naye. Na picha za watoto wa wenyewe usizirushe mitandaoni bila ruhusa ya wazazi wao.

Kuna aliyeniuliza hapo nje, "Kwani hii si kazi ya serikali?" Ni swali la haki. Kwa Katiba ya 2010, shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu. Kaunti imepewa elimu ya chekechea, viwanja vya michezo na huduma za ambulensi. Basi mwalimu wa michezo aandikie ofisi ya afya ya kaunti mapema kuomba ambulensi, si asubuhi ya mashindano. Lakini hata ambulensi ikiwepo, haiwezi kusimama kwenye kila njia panda ya shamba. Hapo ni mimi na wewe.

Nalijua pia tatizo la majani. Siku moja bila kuchuna ni pesa zimepotea. Kwa hivyo pangeni zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na majirani wa kokwet moja wachuniane. Anayebaki shambani kukuchunia, naye amejitolea kwa watoto. Na kama huwezi kukaa mpaka mwisho, sema leo ili apatikane mwingine. Hakuna atakayekulaumu kwa kusema.

Yule msichana bado anakimbia. Mwaka uliofuata nilirudi kwenye kona ileile, kamera nikaiacha ofisini. Alipita karibu na mwisho, akaniinulia mkono. Nikabaki pale mpaka mwalimu aliyefunga msafara akaniambia, "Twende, wamekwisha."

Mkono mmoja haulei mwana.