Jina la Karani: Nani Anauandika Utamaduni wa Nyanda za Juu Kusini?



Kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe. Karani na mkalimani wao alikuwa Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyezaliwa 1910 na kufariki 1938, kijana bado. Kitabu cha Good Company, kilichotokana na utafiti huo, kilitoka 1951. Jalada lake lina jina la Monica Wilson peke yake.

Kichwa hicho kimetokana na neno ukwangala: ule utamu wa kukaa na wenzako, mkila, mkinywa na kuzungumza. Monica aliandika kwamba wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda pamoja. Kula walirudi kwa mama zao, kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wakakua, wakaoa, na vibanda vya watoto vikawa kijiji cha rika moja. Mgeni huviona vibanda kwa macho yake. Ukwangala lazima aelezwe na mwenye lugha, na hapo ndipo ninapoliona deni letu kwa watu kama Mwaisumo.

Iringa mambo yalikuwa mazito zaidi. Katika Anthropology in Action, kitabu cha 1935 kuhusu Wahehe, Gordon Brown alikuwa mtafiti na Bruce Hutt mtawala. Maswali yalitoka bomani, na majibu yakarudi kulisaidia boma kutawala.

Lugha nayo inamhitaji mwenyewe. Kinyakyusa kina irabu 7. Ukikiandika kwa irabu 5 za Kiswahili, unafuta tofauti ambazo mtoto wa Tukuyu anazisikia bila kufundishwa.

Wenzetu Wamaya wa Guatemala nao walichunguzwa na wageni kwa miaka mingi. Kisha wasemaji wenyewe wakasomea isimu, wakaandika sarufi za lugha zao, na mwaka 1990 sheria ikaanzisha Akademia ya Lugha za Maya.

Kwetu mwanzo upo. Kamusi ya Knut Felberg ya 1996 inaweka Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili pamoja. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake 2009. Lakini uchambuzi mkubwa wa vitenzi vya Kinyakyusa, wa Bastian Persohn, 2017, unapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza. Bibi wa kijijini anayetoa mifano kwa uchambuzi kama huo atausomaje?

Nawaomba walimu wa vyuo vya Mbeya na Iringa: tasnifu yoyote ya Kihehe, Kisafwa au Kinyakyusa isipokelewe bila muhtasari wa Kiswahili. Nakala ipelekwe kijijini ikasomwe mbele ya wazee waliohojiwa. Na aliyeeleza maana, akiridhia, jina lake liandikwe ukurasa wa kwanza.