Tusisahau Gunia la Paka

Ndugu wanakisomo wa Jorodom,

Watoto wetu walimeza vidonge vya mapunye, vichwa vikapona. Baadaye mapunye yakarudi. Tukailaumu dawa. Kumbe paka alikuwa bado analala kwenye gunia lilelile pembeni ya jiko, na watoto humo humo!

Mapunye si mdudu. Ni ukungu. Ndama naye huupata: tazameni magamba ya kijivu kuzunguka macho yake. Paka anaweza kuubeba bila kuonyesha kidonda. Nywele zake zikidondoka, mbegu za ukungu hukaa humo hata zaidi ya mwaka mmoja.

Basi, gunia kuukuu tulichome moto. Blanketi tulifue kwa sabuni mara mbili, tulianike juani. Sanduku analolalia tulifute nywele kwa kitambaa kibichi, tulisugue kwa sabuni, tulisuuze. Sakafu tuinyunyizie maji kabla ya kufagia, vumbi lisipeperushe nywele. Halafu tunawe mikono.

Wengine wanasema paka atupwe porini. Hapana jamani, mahindi yetu nani atayalinda na panya? Tumwulize bwana mifugo dawa yake. Watoto nao warudi zahanati, maana mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu.