Kuzuia Tope Lisipotee, Kuyaachia Maji Yaje

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali katika kazi za maji, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kashai, Bukoba)



Niliombwa nieleze kazi yangu. Nimeona afadhali nieleze jambo moja tu la kazi hiyo, pamoja na kosa langu moja, kuliko kuwasomea orodha ya mafanikio.

Sisi tuliopanga vyumba hapa Kashai tunavikumbuka visima vya kuchimba kwa jembe. Ukichimba penye mchanga, kuta humomonyoka na shimo hujaa kabla hujateka ndoo ya pili. Mtambo wa kuchimba visima virefu nao hukutana na taabu hiyo hiyo, ila chini zaidi. Ili kuta zisibomoke, na ili vipande vya mwamba vipande juu, mafundi huzungusha tope ndani ya shimo, nalo huzisukuma kuta kwa uzito wake.

Lakini penye mchanga, au penye mwamba wenye nyufa, maji ya tope hupenya na kutoweka. Asubuhi tangi limejaa, mchana limekauka. Shimo likikosa tope hubomoka, na keekee hukwama humo.

Dawa ya zamani ni bentonaiti, udongo unaovimba sana ukilowa. Hujenga ganda ukutani na kuzuia maji yasipotee. Kasoro yake ni kwamba chembe zake huziba mchanga ule ule tunaoutegemea utupe maji, na kuziondoa ni kazi kubwa.

Ndipo ikaja polima. Walimu wa kemia watawaambia kuwa hiyo ni molekuli ndefu kama mnyororo wenye pete nyingi. Ziko polima zitokanazo na selulosi ya pamba au miti. Ziko za unga wa mbegu za guari, jamii ya kunde inayolimwa sana India na Pakistani. Nyingine hutengenezwa viwandani. Asiyeelewa na atazame mlenda jikoni: majani machache huifanya sufuria nzima iteleze na kuvutika. Polima hufanya vivyo hivyo. Minyororo yake huyashika maji na kuacha ngozi nyembamba ukutani, na tope halikimbii ovyo. Kwenye nyufa kubwa, hata hivyo, polima peke yake haitoshi. Hapo yafaa kushusha bomba la kuzikinga kuta.

Unga huo hunyunyizwa polepole huku maji yakikorogwa, la sivyo hufanya madonge kama uji uliopikwa kwa haraka. Maji ya kuchanganyia yasiwe na klorini, maana klorini huikata ile minyororo. Mnato wa mchanganyiko hupimwa kwa faneli ya Marsh na saa: maji matupu hutoka robo galoni kwa sekunde 26, yakiwa na polima huchukua muda mrefu zaidi.

Sasa kosa langu. Nilipokuwa bado mgeni kazini, nilisimamia kisima katika kijiji kimoja cha Muleba. Tope lilikuwa likipotea. Tukatia polima ya mbegu, shimo likasimama imara, tukafurahi. Tukashusha mabomba na kumwaga changarawe. Ilibaki kutia klorini ili kuikata ile minyororo, kukisafisha kisima kwa hewa ya kompresa mpaka maji yatakate, kisha kupima kwa pampu. Lakini jua lilikuwa limekuchwa, na mtambo ulikuwa ukingojwa kwingine. Nikaandika kiasi cha maji kwa kukadiria, nikatia sahihi.

Baada ya majuma machache maji yalipungua, tena yakanuka. Vijidudu vilikuwa vikiila ile polima niliyoiacha chini. Kina mama wakarudi kwenye chemchemi yao ya bondeni, na fedha walizochanga zilikuwa zimekwisha kutumika. Tulirudi na klorini, tukakisafisha siku tatu. Maji yaliongezeka na harufu ikaisha, lakini hayakufikia kile kiasi nilichokuwa nimekiandika.

Ndugu zangu, Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Basi nilipokadiria, niliwakadiria watu 250. Nilikuwa nimekazana kuzuia tope lisipotee, nikasahau kuwa kisima huchimbwa ili maji yaje. Sifa ya polima si kuziba tu. Ni kwamba ukiwa na klorini na subira, unaweza kuiondoa. Asiyeiondoa ameziba mlango kwa mkono wake.

Vijana, katika maabara yenu mnafundishwa kupima kwanza, kisha kuandika. Mtihani hautawauliza hilo mara nyingi, lakini kazi itawauliza kila siku. Siku hizi, kabla ya kutia sahihi, hukaa penye pampu mpaka majaribio yaishe, hata kama dereva ananung'unika.