Antena na Waya wa Simu ya Upepo Viwandani

Maneno ya mazungumzo juu ya vyombo vya kupelekea sauti katika viwanda vya Thika na Ruiru



Katika Eneo la Viwanda la Thika, mlinzi wa usiku huzunguka na simu ya upepo mkononi. Akiona moshi ghalani, hana budi kuwaita wenzake walio langoni mara moja. Sauti yake isipofika, moto hautangoja. Kwa hiyo yafaa wenye viwanda na mafundi wafahamu kwamba nguvu ya simu ya upepo haimo katika mtambo peke yake, bali imo pia katika antena, na katika waya uliounganisha hivyo viwili.

Waya huo huitwa koaksia. Katikati yake mna uzi wa shaba, nao umezungukwa na plastiki, kisha wavu wa shaba, na juu kabisa gamba jeusi. Kila mita ya waya hula nguvu kidogo, na waya mwembamba hula zaidi.

Tuseme kiwanda kina mtambo wa wati 25 katika megahezi 450, na waya wa mita 30 wapanda mlingotini. Ukiwekwa waya wa RG-58, wenye unene wa milimita 5, zitakazofika juu ni kama wati mbili na nusu tu. Ukiwekwa RG-213, wa milimita 10, zitafika kama 8. Na LMR-400, wenye unene huo huo, kama 13. Tena hasara hiyo huipata pia sauti ya mlinzi inaporudi, nayo ni dhaifu tangu mwanzo. Hivyo fedha za mtambo mkubwa hupotea katika waya wa bei rahisi. Wala waya wa televisheni, ulio wa omu 75, haufai badala ya ule wa omu 50 unaotakiwa na simu hizi.

Ama antena, kwanza iwe juu ya mapaa yote ya mabati, kwa maana bati huzuia mawimbi. Kwa walinzi wanaozunguka kila upande, yafaa antena ya kusimama wima itumayo pande zote. Lakini kiwanda cha Thika kikitaka kuzungumza na ghala lake Ruiru, kiasi cha kilomita 20, yafaa antena ya Yagi, iliyotangazwa Japani mwaka 1926, ambayo hukusanya nguvu na kuielekeza upande mmoja.

Maungio ya nje yafungwe kwa utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu, kama nyasi za paa zinavyoezekwa, ili maji ya masika yateleze yasiingie. Maji yakiingia katika wavu wa shaba, waya huo umekwisha. Kadhalika mlingoti na waya viunganishwe na ardhi kwa ajili ya radi, na kibali cha masafa kipatikane kwanza kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Mwisho, fundi asiondoke kabla mlinzi hajafika kona ya mbali kabisa ya kiwanda, akaita, akasikiwa. Hilo lifanywe mchana kweupe, kusudi usiku wa hatari mtu asiite peke yake gizani.