Hotuba ya Karani wa Chama Juu ya Magugu ya Sumu Malishoni



Kamati imeniagiza nieleze jambo moja kabla hamjapiga kura juu ya fedha za kununua mabomba mawili na dawa ya kuua magugu katika malisho yetu ya shirika. Mimi si bwana mifugo. Kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini kamati yajua kwamba katika somo hili nimekwisha kulipa karo, na karo yenyewe ilikuwa mtamba mmoja.

Magugu tunayoyasema mwayafahamu. Yako matunguja, ambayo wengine huyaita ndulele, yenye miiba na matunda ya manjano. Uyakate leo, mvua ikinyesha yamechipuka tena kutoka mizizini. Uko na muranaha, ambao mbegu zake huingia katika majani makavu ya akiba pasipo mtu kuona. Lakini adui wetu mkubwa ni lantana, kile kichaka chenye maua ya rangi mbili tatu katika kichwa kimoja. Asili yake ni Amerika, katika nchi za joto. Ililetwa Afrika iwe pambo la bustani na uzio wa nyumba, nasi tuliipanda kwa furaha. Ndege hula matunda yake meusi na kuzieneza mbegu kila mahali, na malisho yaliyoliwa mno hata udongo ukaonekana ndiyo yanayoipokea upesi.

Sumu yake imo katika majani, nayo huliharibu ini la mnyama. Ini likiisha nguvu, kitu fulani kitokacho katika majani mabichi, ambacho kwa kawaida ini hukiondoa mwilini, hubaki katika damu. Na jua likiipiga ngozi nyeupe, ngozi hiyo huungua. Ndiyo sababu mwamwona ng'ombe mwenye macho ya manjano akikimbilia kivuli, pua imepasuka na chuchu zinachubuka. Tumbo nalo husimama, hali wala hacheui. Na kwa kuwa limesimama, majani yale hubaki mle mle yakiendelea kumdhuru siku baada ya siku.

Sasa nilieleze kosa langu. Mwaka juzi nilinunua mtamba kutoka mahali pasipo lantana. Ng'ombe waliozaliwa hapa huiepuka maadamu wana nyasi, lakini mgeni haijui. Nikanunua na dawa, nikavipiga vichaka vilivyo kando ya kijito. Mwenye duka alinieleza kipimo, hakuongeza neno. Karatasi iliyobandikwa chupani ilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Na mimi, ambaye baba yangu aliuza ng'ombe ili nipate kusoma maandishi ya namna hiyo, sikuyasoma. Siku ya nne majani yalikuwa yamelegea. Nikadhani gugu limekufa, na sumu imekufa pamoja nalo. Nikafungua lango.

Mama yangu akaniuliza, "Mwanangu, mbona mgeni wako anakula kile ambacho wenzake hawakigusi?" Nikamjibu kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu. Kesho yake mtamba hakula. Bwana mifugo alikuja, akatuamuru tumweke kivulini na kumnywesha makaa maalumu yaliyosagwa ambayo huishika sumu tumboni, lakini tulikuwa tumechelewa kumwita. Alikufa kabla ya juma la pili kwisha. Jioni ile niliichukua ile chupa nikaisoma yote, na katika mstari wa chini niliyakuta maneno yenyewe: mifugo isiingizwe mpaka magugu yenye sumu yamekufa kabisa.

Wazee wangu, maana yake ni hii. Dawa huliua gugu, haiiui sumu iliyomo ndani yake. Zaidi ya hayo, gugu lililopigwa dawa likianza kunyauka, mara nyingi ladha yake hubadilika, likampendeza mnyama aliyekuwa akilikimbia. Basi siku zile tunapojipongeza kwamba kazi imefanyika ndizo siku za hatari kuliko zote. Tena majani ya lantana hata yakikauka hayapotezi sumu yake. Matawi yaliyokatwa yasiachwe malishoni.

Juu ya dawa zenyewe sitasema mengi. Iko 2,4-D, iliyojulikana tangu miaka ya 1940, ambayo huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi; lakini upepo ukiichukua hadi shamba la maharagwe la jirani, mtakuwa na kesi. Iko glaifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, ambayo huua hata nyasi, na ambayo ikichanganywa na maji ya tope hupoteza nguvu, kwa sababu hushikamana na udongo. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka miongoni mwa vitu ambavyo yamkini huleta saratani; wakaguzi wa nchi kadhaa hawakukubaliana nao. Mimi si mwamuzi wao, ila nasema mshika bomba avae glavu na viatu vya mpira, na chupa tupu isiingie jikoni kwa mtu yeyote kuwekewa maziwa. Kabla ya kununua tuulize kwanza bodi ya serikali inayosimamia dawa hizi, maana orodha ya zilizoruhusiwa hubadilika, na iliyokuwa dukani jana yaweza kuwa imeondolewa.

Najua wako wazee wasemao kwamba jembe latosha. Kwa miche michanga wana haki kabisa. Mvua ikiisha kulainisha udongo, watoto waweza kuing'oa kwa mikono bila senti moja kutumika. Lakini vichaka vya kimo cha mtu vimekatwa na kuchomwa moto mara ngapi, navyo vyarudi? Maoni yangu ni kwamba tusipige bomba ovyo juu ya majani. Tukate shina karibu na ardhi, na papo hapo, kabla utomvu haujakauka, tulipake dawa kwa brashi. Dawa itatumika kidogo, na nyasi zitapona. Palipo na upara tupande nyasi, la sivyo ndege watatuletea lantana nyingine.

Lakini fedha hizi sitaziunga mkono kwa kura yangu ikiwa malisho hayatafungwa. Ng'ombe wa mtu mmoja akipenya usiku, tutakuwa tumenunua sumu kwa ada za wanachama. Kamati yashauri malisho yagawanywe mafungu matatu: fungu la kando ya mto lianze baada ya mvua ndefu, wakati gugu linakua kwa nguvu na dawa hufika mizizini, nalo lisifunguliwe hata bwana mifugo alikague. Mafungu mawili yaliyosalia hayatawatosha ng'ombe wote, jambo hili nalisema wazi. Wajane na wenye ng'ombe mmoja au wawili ndio watakaobanwa kwanza. Daftari liko hapa mezani pangu: mwenye shamba anayeweza kumpokea ng'ombe wa mwenzake kwa muda huo na aandikishe jina lake kabla kura haijapigwa. La kwanza limekwisha kuandikwa, ni la mama yangu.